Mwanamke na nyongeza ya mshahara: Sheria inasemaje?

KILA alfajiri, kabla jua halijachomoza, vituo vya daladala vya Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Tegeta na Bunju hujaa wanawake wanaokwenda kazini. Baadhi yao huelekea viwandani Chang'ombe na kando ya Barabara ya Nyerere, wengine madukani Kariakoo, na wengine katika nyumba za watu Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach, ambako hufua, hupika na kulea watoto wasio wao.

Kila mmoja wao anazo hesabu zake kichwani: nauli ya kwenda na kurudi, kodi ya chumba, unga, daftari za mtoto na fedha ya kutuma kwa wazazi kijijini. Jambo ambalo huwatatiza wengi ni namna ya kumweleza mwajiri kwamba mshahara hautoshi, bila kibarua kuota nyasi.

Ukimya huo una gharama. Mshahara unaobaki palepale huku bei zikipanda ni sawa na mshahara unaopunguzwa kidogo kidogo, ingawa hakuna mtu aliyetamka neno la kuupunguza.

Makala haya yanaeleza haki ambazo mwanamke mwajiriwa anazo kisheria, tofauti iliyopo kati ya kudai haki na kuomba nyongeza, na njia zinazoweza kufuatwa na mfanyakazi akiwa peke yake au akiwa pamoja na wenzake.

Msingi wa haki

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 23, inatamka kwamba kila mtu, bila ubaguzi wa aina yoyote, anastahili kupata ujira unaolingana na kazi yake. Hilo ndilo shina la mambo yote yanayofuata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 7, kama sheria hiyo ilivyotungwa, kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, miongoni mwa sababu nyingine. Aidha, kifungu hicho kinamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Maneno "thamani sawa" yana uzito wake. Hayasemi kazi ileile, bali kazi yenye thamani ileile. Yametoka katika Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002.

Mathalani, katika kiwanda kimoja wanawake wanaweza kuwa ndio wanaofungasha bidhaa na wanaume ndio wanaopakia mizigo kwenye malori. Kazi hizo mbili hazifanani. Hata hivyo, zikipimwa kwa ujuzi unaotakiwa, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi, huenda zikaonekana kuwa na uzito mmoja. Ikiwa ndivyo, mwajiri hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Mfanyakazi akileta ushahidi wa awali unaoonyesha kuwapo kwa ubaguzi, sheria inamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hilo ni jambo ambalo mfanyakazi anapaswa kulijua kabla hajakata tamaa kwa kudhani kuwa neno lake halitasikilizwa.

Kima cha chini na miaka ya kusubiri

Kwa sekta binafsi, serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa amri inayotolewa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004. Amri hizo zimetolewa mwaka 2007, 2010, 2013, 2022 na 2025, na kila sekta hupangiwa kiwango chake.

Amri ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Julai mosi mwaka huo, iliwagawa wafanyakazi wa majumbani katika makundi manne. Walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa walipangiwa Sh150,000 kwa mwezi, walioajiriwa na maofisa wanaostahili huduma hiyo Sh130,000, wasioishi katika nyumba ya mwajiri Sh80,000, na waliobaki Sh40,000.

Viwango hivyo vilidumu hadi mwisho wa mwaka 2022, yaani miaka tisa na nusu. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari mosi 2023, ilivipandisha hadi Sh250,000, Sh200,000, Sh120,000 na Sh60,000 kwa mpangilio huohuo. Kwa sekta ya biashara na viwanda, kiwango kilitoka Sh115,000 hadi Sh150,000.

Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri nyingine, iliyopangwa kuanza kutumika Januari mosi 2026. Ilielezwa kwamba wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi unapanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Huo ni wastani wa sekta zote, hivyo kila mfanyakazi anapaswa kuangalia kiwango cha sekta yake katika amri yenyewe, au kuuliza ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi.

Historia hiyo inatoa somo moja. Msichana aliyeanza kazi za ndani mwaka 2013 kwa Sh40,000 na akaamua kusubiri serikali, angesubiri hadi mwaka 2023. Katika muda huo mtoto aliyemlea tangu kuzaliwa angekuwa yuko shule ya msingi. Kima cha chini ni sakafu ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Kupanda juu ya sakafu hiyo hutegemea mazungumzo.

Kudai haki na kuomba nyongeza

Wafanyakazi wengi huchanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha.

La kwanza ni mgogoro wa haki. Huu hutokea pale mfanyakazi anaponyimwa kitu ambacho tayari ni chake kwa mujibu wa sheria au mkataba. Kulipwa chini ya kima cha chini, kutolipwa saa za ziada, au kunyimwa likizo ya uzazi ni mifano yake. Hapa mfanyakazi haombi hisani, kwani anadai deni.

La pili ni mgogoro wa maslahi. Huu hutokea pale mfanyakazi anapotaka kitu ambacho bado hakijawa chake, kwa mfano mshahara upande kutoka kiwango kilichokubaliwa hadi kiwango cha juu zaidi. Sheria haimlazimishi mwajiri kukubali ombi hilo. Kinachohitajika hapa ni hoja, wakati mwafaka na, mara nyingi, nguvu ya umoja.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza kabla ya kuomba nyongeza ni kuhakiki kwamba unalipwa kile unachostahili tayari. Sheria inaweka wiki ya kazi kuwa na saa zisizozidi 45 na siku zisizozidi sita. Saa za ziada hulipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia tano. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja.

Hesabu yake si ngumu. Wiki ya saa 45 ni sawa na saa 195 kwa mwezi. Mfanyakazi anayelipwa Sh390,000 hupata Sh2,000 kwa saa, na saa yake ya ziada ni Sh3,000. Akifanya saa kumi za ziada kwa mwezi bila kulipwa, anapoteza Sh30,000, ambayo huenda ndiyo nyongeza aliyokuwa akiiwaza kuiomba.

Sheria hii haikuwaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Nao wana haki ya kupewa maelezo ya ajira yao kwa maandishi: aina ya kazi, saa, mshahara na namna unavyolipwa. Ikiwa shauri litafika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye.

Je, wanawake hawaombi?

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba wanawake hulipwa kidogo kwa sababu hawaombi. Utafiti wa Linda Babcock wa Marekani, uliochapishwa katika kitabu alichokiandika pamoja na Sara Laschever mwaka 2003, ulionyesha kwamba miongoni mwa wahitimu wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, asilimia 57 ya wanaume walikuwa wamejadili mshahara wao wa kwanza, ikilinganishwa na asilimia saba tu ya wanawake.

Hata hivyo, uchunguzi wa baadaye ulileta picha nyingine. Watafiti Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald walichambua taarifa za wafanyakazi wapatao 4,600 wa Australia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018. Walibaini kwamba, wakilinganishwa watu wenye hali sawa za kazi, wanawake waliomba nyongeza kama wanaume, ila walioomba hawakufanikiwa kwa kiwango sawa. Wanaume walipata katika asilimia 20 ya maombi, na wanawake asilimia 15.

Matokeo hayo yanahamisha sehemu ya lawama. Kumhimiza mwanamke awe jasiri hakutoshi ikiwa anayesikiliza ombi lake anampima kwa mizani nyingine: mwanaume akiomba huonekana anajua thamani yake, mwanamke akiomba huonekana ana makuu. Ndiyo maana ombi la mwanamke linahitaji kusimama juu ya vielelezo ambavyo si rahisi kuvipuuza.

Namna ya kujiandaa

Maandalizi ya kwanza ni kuandika. Mfanyakazi aorodheshe kazi alizokubali siku ya kwanza, kisha aorodheshe kazi anazozifanya sasa. Katika nyumba nyingi orodha ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza: mtoto mmoja amekuwa watatu, bibi mgonjwa ameletwa kutoka mkoani, na biashara ya barafu ya mwenye nyumba imeongezwa juu ya kufua na kupika. Kiwandani, mshonaji huenda ameanza kuwafundisha wageni au kusimamia mstari mzima bila cheo wala malipo yake.

Pili ni kujua soko. Kuuliza si ujinga. Wanaofanya kazi ya aina moja katika mtaa mmoja wakiambizana wanacholipwa, kila mmoja hupata kipimo cha kumpelekea mwajiri wake.

Tatu ni kupanga viwango vitatu: kile anachokitamani, kile anachoweza kukikubali, na kile ambacho chini yake ni afadhali atafute kazi nyingine. Asiye na kiwango cha mwisho hukubali lolote atakalotajiwa kwanza.

Nne ni akiba. Mfanyakazi ambaye kila mwezi anachukua mshahara kabla ya tarehe huingia katika mazungumzo akiwa mdaiwa. Mchezo wa upatu au hisa za vikoba, hata zikiwa ndogo, zinaweza kumpa miezi michache ya kuhimili jibu baya.

Tano ni wakati. Ombi lisitolewe mwajiri akiwa na msiba, akiwa anakimbilia kazini au mbele ya wageni. Ni vyema kuomba miadi kwanza. Kwa mfanyakazi wa nyumbani, mazungumzo yanaweza kuanza hivi:

"Shikamoo mama. Naomba leo jioni, ukishapumzika, unipe nafasi tuzungumze kuhusu kazi yangu."

Jioni ikifika, ombi liwe fupi na lenye kiasi kilichotajwa:

"Mama, nilipoanza nilikuwa namlea mtoto mmoja na kupika mara mbili kwa siku. Sasa watoto ni watatu na nguo za nyumba nzima nafua mimi. Kazi naipenda na watoto wamenizoea. Naomba kuanzia mwezi ujao mshahara ufike kiasi hiki nilichokiandika hapa."

Mwajiri anaweza kujibu: "Nimekusikia mwanangu, lakini mwenyewe unaona hali ilivyo." Jibu hilo si mwisho wa mazungumzo. Mfanyakazi anaweza kusema: "Naelewa mama. Basi naomba tuanze na nusu ya nyongeza hiyo sasa, nusu iliyobaki baada ya miezi mitatu, na tuandike tulivyokubaliana."

Ikiwa fedha taslimu haipatikani, yapo mambo mengine yenye thamani: nauli, siku kamili ya mapumziko kila wiki, kuandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), au ruhusa ya kuhudhuria mafunzo ya ushonaji jioni. Hata hivyo, hakuna kati ya hayo kinachoweza kuchukua nafasi ya kima cha chini.

Heshima katika lugha haimpunguzii mfanyakazi haki yake. Vilevile kuitwa "mwanangu" au "dada yetu" hakumwondolei mwajiri wajibu wa kulipa. Undugu wa majina ni mwema ukiambatana na hesabu iliyo wazi.

Nguvu ya pamoja

Mfanyakazi wa kiwandani ana njia ambayo wa nyumbani huipata kwa shida zaidi, nayo ni majadiliano ya pamoja. Chama cha wafanyakazi chenye wanachama walio wengi kati ya wafanyakazi wa eneo husika kina haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi hao. Chama kikitoa taarifa ya kutaka kutambuliwa, mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30.

Baada ya kutambuliwa, pande zote mbili zinapaswa kujadiliana kwa nia njema, na chama kinaweza kumtaka mwajiri atoe taarifa zinazohusu majadiliano. Matokeo yake ni mkataba wa hali bora, ambao huwafunga mwajiri na wafanyakazi. Ndani yake ndimo mishahara, posho, na hata mambo yanayowagusa zaidi wanawake, kama usafiri wa zamu ya usiku, yanaweza kuwekwa.

Kwa wafanyakazi wa viwanda, biashara na taasisi za fedha chama kinachojulikana zaidi ni TUICO, na kwa hoteli na majumbani ni CHODAWU. Ugumu wa wafanyakazi wa majumbani ni kwamba kila mmoja yuko nyuma ya geti lake, na mwajiri wake ni familia moja. Kujiunga na chama kunampa mahali pa kuulizia na mtu wa kumsindikiza shauri linapozuka.

Historia ya dunia ina mfano ulio karibu na washonaji wa viwandani. Juni 1968, wanawake waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, nchini Uingereza, waligoma kwa wiki tatu kwa sababu kazi yao iliwekwa katika daraja la wasio na ujuzi. Walirudi kazini kwa kupandishiwa malipo hadi asilimia 92 ya kiwango cha wanaume, na mgomo wao ukachochea Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970. Daraja walilolidai walilipata mwaka 1984 tu, baada ya mgomo mwingine.

Mazungumzo yakishindikana

Mwajiri anapolipa chini ya kima cha chini, afisa kazi ana mamlaka ya kumpa amri ya kutekeleza sheria. Mfanyakazi pia anaweza kupeleka mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), iliyoanza kazi mwaka 2007, kwa kujaza fomu maalumu na kumpa mwajiri nakala.

Muda ni jambo la kuzingatia sana. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, na kwa migogoro mingine ni siku 60. Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuzipatanisha pande mbili. Ikishindikana, mgogoro wa haki huenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mgogoro wa maslahi una njia yake. Usuluhishi ukishindikana, wafanyakazi wanaweza kugoma, lakini baada ya kura ya walio wengi iliyoitishwa na chama na taarifa ya saa 48 kwa mwajiri. Walio katika huduma muhimu, wakiwamo wa afya, hawaruhusiwi kugoma na shauri lao hupelekwa kwa mwamuzi. Mgomo wa ghafla usiofuata taratibu huwaweka wafanyakazi katika hatari ya kupoteza ulinzi wa sheria.

Kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya ujauzito, uanachama wa chama au kudai haki zake si halali. Hata hivyo, ulinzi wa jumla dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hauwahusu walio chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Ni busara kwa mfanyakazi mpya kujadili mshahara kabla ya kuanza kazi, kwani katikati ya miezi hiyo msimamo wake ni dhaifu.

Kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma hiyo bila malipo. Taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) zimekuwa zikitoa ushauri huo jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi.

Anayekwenda kuomba ushauri achukue kila alichonacho: mkataba kama upo, hati za mshahara, ujumbe wa malipo kwenye simu, na daftari alimoandika siku na saa alizofanya kazi. Daftari la Sh1,000 lililojazwa kila jioni linaweza kuwa ndicho kielelezo pekee cha miaka ya jasho, na kuanza kuliandika hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote.